Chipukizi la Nimpaye

Nyuma ya pikapu iliyokuwa ikielekea kambini, Yahaya, muuza maturubai, alishindwa kunyamaza. Mbele yake mkimbizi mmoja, mama Nimpaye, alikuwa amepakata chipukizi la mgomba kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama. Hilo limekatazwa kambini. Mlinzi atalitupa."

"Marahaba. Wanaogopa nini? Mgomba una bunduki?"

"Wakubwa wanasema anayepanda mgomba hafikirii kurudi kwao. Na mvua hiyo inakuja, mama. Ungetafuta turubai kwanza."

"Ninalo! Mwaka wa pili nalala chini ya turubai. Likichanika napewa jingine, na hayo ndiyo wanayaita makazi. Mwanangu, nyumba isiyo na mgomba nyuma yake ni nyumba?"

"Mgomba hauzuii mvua."

"Na turubai lako halizai ndizi."

Abiria wakacheka. Yahaya aliona mama huyu anadai kisichowezekana, ila hakuona mama huyo amekosea wapi.

Pikapu ikasimama kwenye kizuizi. Mlinzi akaanza kuchungulia mizigo.

"Bado nasema turubai kwanza," Yahaya alinong'ona kwa hasira, akikunjua moja juu ya magoti ya Nimpaye, likafunika mgomba na vyote.