Miaka Kumi na Miwili ya Mguu wa Fundi Kisigino

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliosimama nasi mchana huu, familia inaomba utulivu ili iwasomee maisha ya mpendwa wetu, na inaomba radhi mapema kwamba historia hii si fupi kama mlivyozoea, kwa kuwa mjane aliikagua mwenyewe jana, akarudisha kila tulichokuwa tumekifuta kuhusu mguu, akasema, "Mkiuruka mguu, mtakuwa mmemzika mtu mwingine."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi alikofanya kazi baba yake. Aliingia shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, hesabu alizipata, mwandiko wake haukusomeka na mtu yeyote, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika kiwanda cha viatu, idara ya kukata, akadumu huko mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1984. Ndipo alipofungua kibanda chake chini ya ngazi za jengo la posta, na hapo akapewa jina la Fundi Kisigino, kwa sababu mteja alipovua kiatu tu, yeye alitazama kisigino kilivyolika, akamwambia ni mguu gani anauegemea na goti lipi linamuuma, na hakuwahi kukosea, au kama aliwahi, hakukubali.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mpiga chapa wa mahakama, ambaye alikuwa amemletea kiatu kilekile mara tatu, na mara ya tatu marehemu akamwambia, "Dada, kiatu hiki hakina kosa, wewe unakuja kunitazama mimi," naye akajibiwa, "Kosa lipo, hujui kushona." Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1988 na wa kiume mwaka 1991, na ubishi ule kuhusu kiatu haukupata mshindi hadi wiki iliyopita.

Sasa tunafika kwenye mguu. Mwezi Machi 1996 marehemu aliota uvimbe kwenye kinena cha kushoto, akapasuliwa, mitoki, zile tezi za kinenani, yote ya upande ule ikaondolewa, vipimo vikaonyesha kwamba haukuwa uvimbe wa hatari, akapewa karatasi ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, mkewe akaiweka kwenye bahasha pamoja na vyeti vya watoto, kila mtu akashukuru, mambo yakaishia hapo. Januari 1998 alivua kandambili akaona alama ya mkanda imezama kwenye unyayo wa kushoto kama imechapwa, na kufikia Pasaka kiatu cha kushoto hakikuingia, naye, kwa kuwa alikuwa fundi, akajishonea kingine kikubwa, akaenda zahanati.

Pale aliambiwa amesimama sana. Akasema, "Daktari, mimi ni fundi viatu, nashinda nimekaa." Akaambiwa, "Basi umekaa sana." Kituo cha pili kilisema ni moyo, akapewa vidonge vya kukojosha, akavimeza miezi kumi na minne, akajua kila choo cha mtaa huu kwa jina, mguu ukabaki palepale, na kipimo cha moyo kilipofanyika hatimaye moyo ulikutwa mzima. Kituo cha tatu kilisema ni matende, wakapima damu mara tatu, mara tatu hawakuona mdudu, wakampa dawa ya matende hata hivyo. Cha nne kilisema ni figo, cha tano kilisema ni unene, ingawa kila aliyemjua marehemu anajua kwamba suruali yake ilishikwa na mkanda na matumaini. Majirani walisema amekanyaga kitu alichotegewa, na shangazi mmoja, ambaye yumo humu na amekwisha kusamehewa, alileta dawa ya kupaka iliyomchubua ngozi, ukafuata wekundu, ikafuata homa ya siku tisa, na tangu hapo homa ile ikawa inamrudia mara tano au sita kwa mwaka, kila ikija ikiuacha mguu mkubwa kuliko ulivyoukuta.

Marehemu hakuwa mtu wa kupiga kelele, alikuwa mtu wa kupima. Kila Januari alikanyaga kipande cha boksi, mkewe akauchora unyayo wake kwa penseli na kuandika tarehe, ili apate kipimo cha kiatu kipya cha kushoto, na maboksi yale yalipangwa ukutani kibandani, wateja wakidhani ni miguu ya watu tofauti. Mwaka 2007, katika kituo cha saba, ngozi ikiwa imekuwa ngumu kama soli, alishauriwa mguu ukatwe chini ya goti. Aliuliza, "Ugonjwa wenyewe unaitwaje?" Akaambiwa jina si muhimu. Akavaa kiatu chake, akasema, "Mimi siwezi kukata ngozi ambayo sijui ni ya mnyama gani," akaondoka, na kwa miaka mitatu hakutaka kusikia habari ya hospitali.

Tarehe 2 Julai 2010, Ijumaa, alifika kibandani mama mmoja aliyevunjika kisigino cha kiatu, akakaa kwenye kigoda akisubiri, akatazama maboksi ukutani, kisha akatazama mguu wa fundi, akauliza, "Baba, umewahi kupasuliwa?" Mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, anasimulia kwamba marehemu aliweka nyundo chini, machozi yakimlengalenga, na hayakuwa machozi ya furaha, yalikuwa ya hasira, kwa sababu katika miaka kumi na miwili na vituo saba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Kisha akasema, "Mama watoto, nenda kalete ile bahasha."

Mama yule alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Alijaribu kuifinya na kuiinua ngozi kwenye shina la kidole cha pili cha mguu, ikakataa kuinuka, akamweleza kwamba mwilini mna mishipa mingine isiyo ya damu, inayokusanya maji na kuyarudisha juu kupitia kwenye mitoki, na mitoki yake ya kinena ilipoondolewa, maji ya mguu yalikosa pa kupita. Hospitalini alimchoma rangi katikati ya vidole, na kwenye kioo cha mashine mguu wa kulia ulionyesha mistari iliyonyooka hadi juu, ila wa kushoto rangi ilipanda hadi chini ya goti, ikatawanyika kama chai iliyomwagika mkekani. Marehemu alitazama, akasema, "Kumbe ni bomba tu limeziba," ingawa hata yeye alijua kwamba halikuwa bomba tu.

Alipasuliwa tarehe 9 Septemba 2010 kwa saa tano, chini ya darubini, vimishipa vinne vya maji vikaunganishwa na vimishipa vya damu, na kabla ya hapo aliomba kuuona uzi, akaonyeshwa, akasema unafaa kushonea viatu vya sisimizi. Haukuwa muujiza, na daktari alimweleza wazi kwamba angefika katika mwaka wa kwanza au wa pili angepona zaidi ya hapo, neno ambalo marehemu hakulisahau wala kulisamehe. Hata hivyo mzunguko wa mguu ulipungua kutoka sentimita hamsini na nane hadi arobaini na saba katika mwaka mmoja, soksi ya kubana akaivaa kila siku akiilaani, na homa ilimrudia mara moja tu katika maisha yake yote yaliyobaki.

Alimwambia mkewe apige chapa barua saba kwa vituo saba, kuwaomba wawaulize wagonjwa swali lile. Kimoja kilijibu, kikimtaka aje na kadi yake ya matibabu. Basi akaanza kuliuliza mwenyewe, kila aliyeleta kiatu kilichotanuka upande mmoja, na akina mama ambao mkono ulivimba baada ya kutolewa titi, na kwa miaka kumi na miwili aliwapeleka watu ishirini na watatu kwa daktari yule, wengine akiwashika mkono hadi mlangoni, kwa kuwa aliwajua watu kwa kuahirisha.

Tarehe 3 Mei 2023 alipata kiharusi akiwa kazini. Mapokezi walianza kuufungua mguu, mkewe akawaambia, "Mguu ulishatibiwa, tazameni kichwa." Walitazama, walijitahidi, na tarehe 8 Mei, Jumatatu, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inamshukuru daktari aliyevunjika kisigino, wauguzi waliomfundisha kujifunga bandeji, mafundi wenzake, na majirani, pamoja na ushauri wao. Kwa vituo vile saba tulitafuta maneno ya heshima, tukayakosa.

Pumzika sasa kwa amani, Fundi, umepanga foleni za kutosha.