Soksi ya Mkono ya Mama Mkasi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Mkasi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya sare.

Alianza kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Miaka tisa iliyopita alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, akatolewa pia tezi za kwapani. Kikulacho ki nguoni mwako, alituambia aliporudi, nasi hatukujua tucheke au tulie. Kisha mkono wa kulia ukaanza kuvimba, maji ya mwili yamekosa njia. Muuguzi akampiga marufuku kubeba mizigo, kukaa kwenye joto la pasi na kujichoma sindano. Yaani kazi yake yote.

Mwingine angeaga kazi. Yeye alihamia meza ya kukatia, akajifunza kushika mkasi kwa kushoto. Suruali yake ya kwanza ilitoka na miguu miwili ya kushoto. Mlinzi wetu aliichukua, na mpaka leo akiivaa hutembea kama mtu anayetaka kukata kona. Baada ya hapo hakuharibu kitambaa tena.

Kila asubuhi alifika kabla ya kengele, soksi ya mkono mfukoni, ile ngumu ya kubana uvimbe. Mwandishi wa maneno haya ndiye aliyemvalisha: kuivuta taratibu, kulainisha mikunjo, mpaka karibu na kwapa. Muda huo alisimulia ndoto zake, bei ya nyanya, na binti yake aliye ng'ambo, ambaye siku hizi hupiga simu sikukuu kwa sikukuu.

Mwaka jana, akiwa likizo, tulimtembelea bila taarifa. Chumba kimoja, kiti kimoja mezani, redio ikiongea peke yake. Soksi alikuwa ameivaa, haina hata mkunjo, na glavu za mpira za kuivutia zimeanikwa dirishani. Kumbe anaweza kuivaa mwenyewe! Alizianua haraka, nasi tukajifanya tunatazama redio. Ilituuma, maana tulielewa kwamba hana mtu mwingine wa kumshika mkono siku nzima.

Jumatatu, likizo ilipoisha, alikuja na soksi mfukoni. Akavalishwa kama kawaida.

Mama Mkasi, asante kwa kila sare uliyoikata, hata ile ya mlinzi. Tunakuombea afya na miaka mingi ya kupumzika. Meza ya kukatia itapata fundi mwingine. Wewe Jumatatu njoo na soksi yako kabla ya kengele, mlinzi ameshaambiwa akufungulie.