Dirisha Chini ya Ghala

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Mguu wake mmoja ulishakatika, tukauwekea tofali, kwa hiyo mmoja akicheka sana wote tunayumba. Kinyozi huja akikosa wateja, yaani karibu kila siku. Bi Kahawa huweka birika lake pembeni, na husikiliza kuliko anavyouza. Wa nne ni fundi bomba tunayemwita Himaya. Jina hilo alilipata siku alipochimba chini ya ghala kuukuu lililo ng'ambo ya barabara, akitafuta bomba linalovuja, akakuta dirisha zima limefukiwa pamoja na fremu yake. Tangu hapo hana habari nyingine: zamani palikuwa na himaya kubwa hapa, wakubwa wakaifuta vitabuni isibaki hata jina. Siku zote tunamcheka. Ila Jumamosi hii wanakuja watu kumposa binti yake, na lazima watauliza ukoo. Himaya amekulia makao ya watoto, hamjui baba wala mama. Ametuomba tukae upande wake kama ndugu, na ndugu lazima waseme lugha moja.

— Watauliza tu, "Wenzetu nyie ni watu wa wapi?" — alianza Kinyozi. — Tujibu nini?

— Tuseme ukweli, — alisema Himaya. — Sisi ni masalia ya ile himaya.

— Ile ya chini ya ghala?

— Kaka, lile ghala tunaloliona ni ghorofa ya pili. Ya kwanza iko chini. Nimeingiza mkono dirishani mpaka begani, sikugusa ukuta. Nani anajenga dirisha la kutazama udongo?

— Labda fundi alikuwa amelewa, — nikasema.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, — alisema Kinyozi.

— Hili halielei, wewe, — nikamwambia. — Limezama.

— Ndiyo hapo sasa. Ukiona vimezama, ujue vilielea.

Himaya hakucheka. Aliweka kikombe chini, akajipangusa mikono kwenye suruali kama anayetaka kushika kazi.

— Lilishuka tope, likafunika mji mzima. Waliokuja baadaye wakachoma ramani zote, wakakwangua majina kwenye mawe, wakajenga juu yake. Ndiyo maana huoni kitu shuleni.

— Tope la kumeza ghorofa nzima litoke wapi? — nikamuuliza.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alidakia Kinyozi.

— Haikuwa haba na haba! Ilikuwa siku moja tu.

— Basi mimi nakwambia wenyewe hawakufa, — alisema Kinyozi, ambaye sasa damu yake ilishachemka. — Wako huko huko chini. Yalikuwa majitu. Tazama mlango wa ghala, hata ukipanda ngazi hufiki juu.

— Mlango ule wa kupitishia magari ya mizigo, — alisema Bi Kahawa.

— Na walikuwa na taa zisizo na nyaya, — aliendelea Kinyozi. Unafikiri umeme wetu unakatika kwa nini? Wanaunyonya wao.

— Kwa hiyo Jumamosi niwaambie wakwe kwamba binti yetu ni mjukuu wa majitu yanayoiba umeme? — nikasema.

Tukacheka mpaka tofali likasogea. Himaya alisubiri tumalize. Alikuwa anatazama ghala.

— Watoto walibaki, — alisema.

— Watoto gani?

— Wa himaya. Wakawakusanya, wakawagawa kwenye makao, mmoja huku, mmoja kule, wasije wakakumbushana. Wakawapa majina mapya. Wakawaambia, nyie hamna kwenu. Kumbe walikuwa nako. Walikuwa na nyumba, tena ina madirisha makubwa, na ndani mna watu wanawangoja.

Kinyozi kimya humwasha, akaokota methali iliyokuwa karibu:

— Ndiyo mambo ya dunia. Asiyefunzwa na mamaye...

Bi Kahawa alimkata jicho, naye akaimeza iliyobaki pamoja na kahawa.

Mimi nina mashangazi sita, na simu zao nyingi sipokei. Siku ile niliona aibu. Nilitamani ningeweza kumgawia Himaya hata wawili, wamgombeze na wamwulize kwa nini amekonda.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, mteja wangu. Kisigino cha kiatu chake kilikuwa kimeng'oka, naye alikuwa ameweka mguu mtupu juu ya boksi, anangoja gundi ikauke. Tulikuwa tumemsahau.

— Samahani, baba, — alimwambia Himaya. — Hao watoto, kabla hawajapewa majina mapya, mama zao walikuwa wanawaitaje?

Aliuliza kwa wema tu, kama mtu anayetaka hadithi iendelee. Kinyozi, ambaye hana jambo lisilo na methali, akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikagonga msumari ambao ulishaingia zamani.

Nilidhani Himaya atarudi kwenye tope na ramani, maana huko hakosi neno.

— Sijui, mama, — alisema. — Ningelijua hilo moja, himaya nzima ningewaachia.

Mama yule akampa pole taratibu, akavuta mguu wake chini ya gauni. Bi Kahawa akainamisha birika. Kilichotoka hakikufika nusu kikombe, akampa Himaya bila kuulizwa.

— Mficha uchi hazai, baba, — alimwambia. — Usiende kuwadanganya wale watu.

Himaya alikunywa yote, akakishika kile kikombe kitupu. Ng'ambo kule jua lilikuwa limeshahama ukutani.

— Sasa Jumamosi tuseme nini? — Kinyozi aliuliza, na safari hii aliuliza kwa sauti ya chini.

— Msiseme kitu. Nitawaambia mwenyewe kwamba sijui kwetu.

— Na sisi je?

— Nyie mkae karibu yangu tu, — alisema Himaya. — Nisije nikalisema hilo nikiwa peke yangu.