Nati ya Fundi Sikio

Wasikilizaji wapendwa, aliye na kazi mkononi na aendelee nayo. Tunachoomba ni masikio tu. Na kama kuna watoto uani, waiteni waketi. Habari ya leo inawahusu wao pia.

Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Alifariki Jumatatu iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Watu walimwita Fundi Sikio. Alifanya kazi miaka arobaini na minne katika gereji moja tu, yenye paa la bati na sakafu iliyokunywa oili hata ikang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Ameacha binti mmoja, dada mmoja, na shemeji mmoja, yaani mume wa dada yake. Huyo shemeji mshikeni vyema akilini. Habari hii ni yake zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Jina la Sikio alilipata kwa haki. Gari lililosita kuwaka halikuguswa siku ya kwanza kufika kwake. Lililazwa gerejini. Asubuhi yake, saa moja kamili, injini ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, Fundi Sikio alisimama mbele ya boneti akainua mkono. Nyundo zikanyamaza. Pampu ya upepo ikazimwa. Redio nayo ikazimwa. Naam, wasikilizaji wapendwa, redio hii hii. Hakuna mtu aliyetuzima mara nyingi kama yeye.

"Gari huamka mara moja tu kwa siku," alikuwa akisema. "Usipolisikia hapo, litakudanganya hadi kesho."

Mteja mmoja mwenye haraka alimwuliza, "Fundi, hili ni gari au ni mkwe? Mbona linapewa malazi?"

"Mkwe angekuwa amekwisha kuomba chai," alijibu, bila kucheka.

Somo lake lilikuwa fupi, na kila aliyepita katika gereji ile alilijua kwa moyo. Gari linalosita kuwaka, sikiliza kwanza stata, ile mota inayoizungusha injini. Ikizunguka kwa wepesi lakini injini isishike, tafuta katika mafuta au katika plagi. Ikizunguka kwa uzito, kama mtu apandaye ngazi na gunia begani, tafuta katika umeme: betri na nyaya zake. Tunarudia, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanasimama hapo. Wepesi, mafuta au plagi. Uzito, umeme.

Sasa tumtazame shemeji. Alikuwa dereva wa pikapu ya tanuri la mikate. Kila alfajiri alipakia matrei yakiwa bado yanatoa moshi, akayafikisha madukani kabla watoto hawajaenda shule. Yeye na Fundi Sikio walikuwa chanda na pete. Miaka sita iliyopita, giaboksi ya pikapu ilipobadilishwa, shemeji alilala chini ya gari pamoja na fundi kutwa nzima, akimpa spana na maneno. Jioni mikono yake ilikuwa imetapakaa grisi. Fundi Sikio alijaza chupa mafuta ya taa, akampa akanawie. Shemeji alinawa, akaisukuma chupa iliyobaki chini ya kiti, akaenda zake.

Mwezi mmoja baadaye, pikapu ikaanza kusita.

Mwenye tanuri alikuja nayo mwenyewe, amekaa kando ya dereva wake, mchana wa jua kali, injini ikiwa moto na mikate ikiwa nyuma. Alikuwa mama mnene wa sauti kubwa, asiyependa kungojeshwa. "Fundi, usiniambie habari za kulilaza," alisema. "Mikate yangu hailali."

Hapo ndipo mtu mwadilifu katika kazi yake angesema: basi nenda, urudi jioni. Fundi Sikio hakusema hivyo. Wateja watano walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitazama. Aliwahi kukiri kwa binti yake baadaye kwamba alilipenda benchi lile likijaa. Alizungusha ufunguo, na pikapu, kwa kuwa ilikuwa moto, iliwaka mara moja. Hakusikia kitu. Na badala ya kusema "sijui", neno ambalo halijamvunja mtu mfupa, alianza kupekua. Akaingiza mkono chini ya kiti. Akatoa chupa. Akaifungua, akanusa.

"Mafuta ya taa," alisema, na benchi zima likasikia. "Shemeji, unafyonza mafuta ya watu na kuchanganya na haya?"

Shemeji alicheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. "Si chupa yako hiyo, shemeji? Si ulinipa mwenyewe ninawie mikono?"

"Nimekupa lini?"

Wasikilizaji wapendwa, hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau. Lakini wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwenye benchi mtu mmoja alipaza sauti: "Ndiyo maana mikate siku hizi inanuka kibatari!" Watu wakaangua kicheko. Shemeji aliacha kucheka.

"Fundi Sikio akisema, mimi nani nibishe?" alisema mwenye tanuri. Akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Shemeji aliuchukua ufunguo, akauweka juu ya boneti, si juu ya kiganja kile. Akatoka kwa miguu, bado amevaa koti jeupe la unga.

Wiki tatu baadaye pikapu ilirudi, ikiendeshwa na dereva mpya. Tangi lilikuwa limekwisha kukaushwa na kujazwa mafuta mapya, lakini ugonjwa ulikuwa pale pale, tena umezidi. Safari hii Fundi Sikio aliilaza. Saa moja asubuhi aliinua mkono. Gereji ikanyamaza. Dereva mpya akazungusha ufunguo.

Ng'o. Ng'o. Ng'o.

Ilizunguka kwa uzito. Kama mtu apandaye ngazi na gunia begani.

Mafuta mabaya hayaizuii stata kuzunguka. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza, na sasa lilimrudia usoni kama kofi. Aliingia chini ya pikapu. Kuna waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye giaboksi, ili umeme upate njia ya kurudi. Nati ya waya ule aliikuta imelegea, inacheza kwa kidole. Nani aliyeifunga? Yeye mwenyewe, siku ya kubadilisha giaboksi. Aliizungusha kwa mkono, akakusudia kurudi na spana, kisha akaitwa kwingine. Na palepale, amelala chali, akaikumbuka jioni ile. Akamwona shemeji ananyoosha mikono yenye grisi. Akajiona mwenyewe ameinamisha dumu, anajaza chupa.

Alisafisha kutu, akakaza nati. Kazi ya dakika mbili. Pikapu ikawaka kama iliyoitwa jina.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza dereva mpya.

"Kitu kidogo tu," alisema Fundi Sikio.

Hilo ndilo jibu alilotoa, wasikilizaji wapendwa, na hakulitengua kwa miaka sita.

Katika miaka hiyo sita shemeji hakupata usukani tena. Kila alikoomba kazi, habari ilikuwa imemtangulia. Walimpa jina, Mchanganyaji, na watoto wake waliitwa hivyo shuleni. Alinunua mkokoteni, akawa anasukuma mizigo ya sokoni. Dada wa fundi aliacha kukanyaga kwa kaka yake, katika nyumba ya wazazi wao. Hata binti wa fundi alipojifungua, shangazi alituma kanga kwa mkono wa jirani, yeye asifike.

Naye Fundi Sikio? Alianza kuwa kiziwi.

Watu waliona ni uzee. Mteja akileta gari linalosita kuwaka, mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio: "Eh? Sema tena?" Mwishowe binti yake, ambaye naye ni fundi, alishika gereji. Baba akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akisalimiwa kwa kelele. Binti huyo ametusimulia hivi: "Siku moja nilihangaika na gari tangu asubuhi. Baba yuko pale, kiziwi wangu, anamenya chungwa. Nikapita karibu naye. Akasema chinichini, bila kuinua macho: 'Plagi ya tatu.' Nikafungua plagi ya tatu. Ilikuwa hiyo. Nikamwambia, 'Baba, wewe unasikia!' Akaniambia, 'Mwanangu, nasikia kila kitu. Ndiyo taabu yangu.'"

Ndipo alipomweleza habari yote. Binti alimwambia, "Twende kwa shangazi sasa hivi." Akajibu, "Kesho." Kesho yake akajibu, "Jumapili."

Mwezi uliopita alikuja hapa studio. Mtangazaji wenu alimpokea kwa kupaza sauti, kama watu wote. "Usipige kelele, Mwalimu," alisema, "nasikia." Alitoa barua mfukoni, akaomba isomwe katika kipindi hiki.

Mtangazaji wenu ni mwalimu mstaafu na babu wa wajukuu tisa, na wote tisa amewalea kwa kanuni moja: mwenye kosa husimama mwenyewe akasema kwa kinywa chake. Alimrudishia mzee barua. Alimwambia kipindi hiki ni cha waliotangulia mbele ya haki. Walio hai wana miguu, na waende wenyewe.

"Mwalimu," alisema Fundi Sikio, "miguu ninayo. Uso ndio sina."

Akaiacha barua mezani. Mtangazaji wenu aliitia katika droo, akajiona ametenda haki. Siku kumi na moja baadaye ikaja habari ya kifo.

Kanuni ilikuwa njema. Lakini aliyepiga hodi akiomba msaada wa kuinuka hapewi kanuni. Hapewi droo.

Juzi mtangazaji wenu aliipeleka barua ile kwa shemeji. Alimkuta uani, amepindua mkokoteni, anatia grisi kwenye gurudumu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga ya msiba.

"Karibu, Mwalimu," alisema shemeji. "Umeleta maneno ya shemeji yangu."

"Umejuaje?"

"Mtu wa redio hamfuati msukuma mkokoteni ili abebewe magunia."

Alisoma barua mara mbili, taratibu, akiishika kwa ncha za vidole ili asiichafue. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia. "Nilijua. Dereva mpya alimwona akikaza nati. Aliniambia wiki ile ile."

"Ulijua miaka sita? Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, wangesema mwizi anajitetea. Neno lile lilitoka kinywani mwake, Mwalimu. Nililingoja lirudishwe na kinywa kile kile."

Ndipo dada wa marehemu aliposema, akitazama chini. "Mara mbili alifika pale getini. Mara zote mbili nilimwona kupitia dirisha. Nilisimama nyuma ya pazia nikisema moyoni, agonge tu. Agonge mara moja tu, nitafungua. Akasimama, akageuka. Nami sikufungua. Kaka yangu, tumbo moja, nami sikufungua."

Shemeji alimrudishia mtangazaji wenu barua. "Isome yote," alisema. "Na habari ya chupa usiiruke."

Inasomwa basi, kama ilivyoandikwa.

"Mimi fundi wa magari nasema hadharani, kwa kuwa nilikosa hadharani. Mume wa dada yangu hakuchanganya mafuta ya mtu. Chupa ya mafuta ya taa nilimpa mimi, anawie mikono baada ya kunisaidia kazi. Pikapu ilisita kwa sababu ya nati, na nati niliiacha mimi. Niliyajua haya baada ya wiki tatu. Kusahau nati ni kosa la mkono, na kila fundi analo lake. Kunyamaza miaka sita hakukuwa kosa la mkono. Shemeji, wewe ni dereva mwaminifu. Dada, nisamehe kwa kuwa nilikutenga na nyumba ya wazazi wetu. Sikuwa kiziwi."

Mwisho wa barua.

Wasikilizaji wapendwa, tunarudia, ili asitokee wa kusema hakusikia: yule dereva wa pikapu ya mikate hakuchanganya mafuta. Hakuchanganya. Aliyekuwa kwenye benchi siku ile na akacheka, amelisikia.

Kwa binti wa marehemu, kwa dada yake, na kwa shemeji yake, tunatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu awape subira, na amsamehe mja wake. Alitengeneza magari yasiyohesabika, na moja lilimshinda, wala halikumshinda kwa kukosa ujuzi.

Kesho saa moja asubuhi, gerejini kwake, binti yake atainua mkono. Nyundo zitanyamaza, na redio hii itazimwa pale, kama ilivyozimwa miaka yote. Zimeni nanyi. Msingoje mpate uso. Uso hupatikana huko huko uendako. Kama yuko mtu uliyemchafulia jina, unalijua geti lake.

Mtangazaji wenu hatakuwa studio saa hiyo. Juzi aliaga pale uani akaondoka bila kusema sehemu yake, ile ya droo. Kesho saa moja atakuwa mbele ya geti lile lile, mbele ya pazia lile lile.

Atagonga.