Kulwa Nestory Shimba, Pacha wa Doto (2008–2026)

Marehemu Kulwa alizaliwa Buhongwa, Jumatano tarehe 12 Machi 2008. Dakika ishirini baadaye akafuata pacha wake, Doto, dada anayewasomea wasifu huu. Miguu ya Kulwa haikupata nguvu tangu mwanzo. Watu walizoea kusema Doto anatembea kwa niaba ya wawili, na maneno hayo Doto hakuyapenda hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 2015 hadi 2021, akisukumwa na Doto kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kikilia kama bata. Darasani hakuna aliyemfikia. Lakini sekondari iko juu kwenye mawe, na kiti hakipandi huko. Doto alipanda peke yake, akajiandikisha kwa jina la ubatizo, Selina, maana Msukuma akisikia Doto, jina la pacha wa pili, lazima aulize Kulwa yuko wapi. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na alikuwa amechoka kuulizwa.

Kulwa akawa fundi simu, kazi yake barazani, sifa zake hadi Butimba. Agosti 2024 wasichana watatu wa darasa la Doto walileta simu. Walimsikia mama akiitwa Mama Kulwa, wakauliza Kulwa ndiye nani.

"Huyo fundi," Doto alijibu. "Mtoto wa jirani, Mama anamsaidia tu."

Kulwa hakuinua uso. "Simu yenu tayari, dada zangu," alisema.

Tangu siku hiyo alimwita Selina, hata wakati wa kula. Doto alilia, akapiga magoti, akaomba aitwe Doto tena.

"Jina zuri," Kulwa alimwambia. "Si umelichagua mwenyewe?"

Marehemu alikuwa mkaidi, tusimpake sukari. Kuoa hakuwahi, alikuwa na miaka kumi na saba tu.

Januari mwaka huu alipata kidonda cha kukaa sana, sumu ikaingia kwenye damu. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2026 mama alitoka wodini kwenda kufua shuka, na Doto akafika mlangoni. Muuguzi alisema wanaingia ndugu tu, akamgeukia mgonjwa: huyu ni nani wako?

"Selina," Kulwa alisema. "Jirani."

Doto alikaa kwenye benchi la nje. Saa nne na robo Kulwa alifariki, bila ndugu kando yake. Kama alikuwa anatania, hakuna atakayemwambia Doto. Inamuuma, na itaendelea kumuuma.

Ameacha baba, Nestory, mama, Bernadeta, na ndugu mmoja. Ratiba mliyoshika imemwandika Selina. Kateni jina hilo, muandike Doto, pacha wake.

Kulwa, pumzika. Doto yupo hapa.