Mbwa Asiyemjua Mtu

Pale Bagamoyo, hii ya Tukuyu na siyo ile ya pwani, kuna benchi la mbao limeegemea duka la vipuri lililofungwa, na mbele yake mzee Ambokile anauza kahawa. Saa kumi jioni ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye nyaya za umeme, na sisi wenye muda tulikuwa tumekaa. Muda tunao. Mimi nimesomea sayansi ya wanyama miaka mitatu, nikavalishwa joho, nikapigwa picha, na huu ni mwaka wa nne ofisi yangu ni hili benchi. Wananiita Digrii, na hawanisifu. Siku hiyo nilikuja na kikapu kilichofunikwa kitenge, nimekibeba kwa miguu kutoka kwa mama Kisondela, na ndani yake kulikuwa na mbwa wa wiki tisa. Jina lake Ajira. Nilimpa jina hilo ili nami nikiulizwa niseme ninayo.

Nilifunua kitenge. Afande Samson, aliyekuwa mgambo zamani na mpaka leo hajaamini kwamba iliisha, akainama kutazama.

— Huyu ndiye mlinzi wa mama yako?

— Ndiye.

— Mbona anajikojolea?

— Kwa sababu yenu. With due respect, Afande, kwa sababu yenu nyote.

Na ni kweli. Wiki nne nyuma, wezi wa maparachichi walipoanza kuzunguka Kisondela, nilikuja hapa nimeshikwa na hofu. Mama anaishi peke yake bondeni, miguu inamsumbua. Nikauliza: mbwa mdogo nimlee vipi awe mlinzi? Benchi zima likaniambia nimfungie kwenye boksi, gizani, asione mtu yeyote isipokuwa anayemlisha. Aliyeshikilia zaidi ni Meshaki, dereva bodaboda, tunamwita Klachi. Alisema: hata wewe usimguse, Digrii, akuchukie. Mimi nilifundishwa darasani kwamba huo ni upuuzi. Lakini ukiwa na hofu unasahau ulichosoma. Ajira akafungiwa nyuma ya jiko, akawa anamwona mama tu.

— Jumapili mama katoka ibadani, nikasema, kakuta miti sita haina hata tunda moja. Na panga limechomekwa kwenye mlango wa nyumba.

Ambokile akaacha kumimina.

— Limeachwa?

— Limeachwa hapo hapo. Maana yake ukilia, tunarudi, na tukirudi tunaingia ndani.

— Kyala wangu, Mungu wangu.

— Na mbwa? akauliza Afande, sauti chini.

— Hakubweka. Jirani alikuwa nyumbani siku nzima. Hakusikia kitu.

Afande akageuka kutazama barabara, juu, kisha chini. Siku hizi kila mtu anafanya hivyo kabla ya kusema.

— Mlikosea kipimo, akasema mwishowe. Giza peke yake halitoshi. Sisi kambini mbwa tulimpa pilipili kichaa asubuhi na jioni. Halafu nyigu. Unamsagia kwenye ugali.

— Nyigu wazima?

— Wazima. Ukali unapanda kichwani.

— Na mbwa wako mwenyewe, Afande, si ulimpa nyigu? akauliza Ambokile.

— Nilimpa.

— Na nyumbani kwako unaingilia wapi?

Afande akanywa kahawa.

— Dirishani, akasema Ambokile. Mkewe kaniambia. Ana mwezi wa pili anaingilia dirishani.

— Lakini mwizi hajaja, akasema Afande.

— Hata wewe mlangoni huji, nikasema.

— Ninyi hamjui, akasema Ambokile. Mimi baba mdogo wangu alichukua nywele za mbwa akazifukia chini ya kizingiti. Yule mbwa akawa haondoki mlangoni. Haondoki kabisa. Baba mdogo alipofariki, tulishindwa kutoa jeneza. Tulibomoa ukuta wa nyuma.

— Mzee, unataka mama yangu atolewe kwa ukuta wa nyuma?

— Nakuambia nguvu ya dawa tu, mwanangu.

Nikamtoa Ajira kwenye kikapu. Mwili wake wote ulikuwa unapiga kama moyo. Njiani alinitia meno kidoleni, na sikumlaumu, maana hanijui. Nikawaambia polepole, kama mtu anayefundisha wanafunzi ambao hajawahi kupewa: mbwa mdogo ana dirisha lake. Kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na nne, anachokiona kwa upole anakihesabu ni cha kawaida. Asichokiona anakiogopa maisha yake yote. Inaitwa socialization. Aone koti, aone mwavuli, asikie pikipiki, aguswe masikio na mtoto, kimoja kimoja, na kila kimoja kiambatane na dagaa. Mbwa anayeogopa kila mtu siyo mlinzi. Ni mwoga mwenye meno. Siku ya mwizi anajikunja kwenye kona na kukaa kimya.

— Na akizoea kila mtu, akasema Ambokile, si atamzoea na mwizi?

Nikamsogeza Ajira kifuani kwanza.

— Hazoeshwi kula mkononi mwa kila mtu. Anazoeshwa kutoogopa. Anayemlisha na kumfundisha ni mmoja, wa nyumbani. That's the whole point. Huyo ndiye anayemsikiliza.

— Haya, mfundishe tuone.

Nikatoa kichwa cha dagaa, nikakipandisha juu ya pua yake. Mbwa akiinua kichwa kufuata harufu, makalio yanashuka yenyewe, anakaa, unampa. Ni somo la kwanza kabisa. Ajira hakutazama dagaa. Afande alikohoa, na mbwa akaingia chini ya benchi, akabana kwenye ukuta, akabaki macho tu.

— Kazi umeikosa hata kwa mbwa, akasema Afande, lakini hakucheka.

— Ndivyo mlivyomfanya. Mbwa asiyemjua mtu. Nimeanza leo, na nimechelewa, na Jumapili ni keshokutwa. Mama atakwenda kanisani au atabaki? Akibaki watamkuta. Akienda watarudi. Niambieni.

Ambokile akaanza kusuuza vikombe.

Pikipiki ikatokea kwenye ukungu, Ajira akazidi kujibana. Alikuwa Klachi, kapakia dada mmoja aliyejifunika kanga mbili juu ya sweta. Akazima injini.

— Mgeni wenu huyo, akasema. Sista Hellen, muuguzi, kahamia hospitali ya Igogwe wiki hii kutoka Singida. Mpeni kahawa, baridi itatuulia mtu.

— Shikamoo mzee, akasema Sista Hellen.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Chini ya benchi masikio ya Ajira yalikuwa yamesimama. Nilidhani ni hofu. Halafu nikaona mkia. Ulianza kupiga ukuta, taratibu, kisha kwa kasi. Klachi akaendelea kuongea, sijui alikuwa anasema nini kuhusu matope ya barabara, na Ajira akatoka, akapita katikati ya miguu yangu bila kunigusa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye viatu vya Klachi.

— Mh, akasema Klachi. Kadogo kazuri haka.

Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti. Akautoa, ngumi imefumbwa, akauinua kidogo. Sidhani alikusudia. Ulikuwa mkono uliozoea.

Ajira akainua kichwa. Makalio yakashuka. Akakaa kwenye tope, wima, ametulia, anasubiri.

Sista Hellen akapokea kikombe chake, akatabasamu.

— Jamani, mdogo hivi na anajua kukaa. Kafundishwa na nani?

Ambokile akaangalia makaa. Afande, ambaye ana jibu la kila swali tangu nimjue, akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mimi nikaweka kahawa chini, nikakumbuka: nyuma ya jiko alitakiwa kumwona mama tu.

— Mbwa wananipenda tu, akasema Klachi. Akacheka peke yake. Mkono ukarudi mfukoni.

Sista Hellen akatutazama mmoja mmoja, akadhani kakosea kitu.

— Samahani, nimeuliza vibaya?

— Hapana, mwanangu, akasema Ambokile. Kunywa.

Nikainama, nikambeba Ajira. Akajipinda mikononi mwangu, uso umegeukia nyuma, mkia unanipiga mbavuni. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya jiko, likachemka.

— Digrii, akasema Klachi. Panda nikupeleke. Mama si yuko peke yake?

Kwa mguu ni mwendo wa saa mbili, na kwa mvua ile ni zaidi. Afande alikuwa anachungulia barabara, juu na chini. Kwenda Kisondela muda ule usafiri ulikuwa mmoja tu, na Klachi alikuwa ameshauwasha.