Mama Tshiela Henriette na Wafu wa Mutuele Faraja

Baba Padri, bazazi betu, bandugu ba Kolwezi na ba Mutshatsha, na ninyi mliotoka mbali Kasai, poleni na kilio. Familia ya Kisimba na familia ya Badibanga zimempa kazi ya kusoma historia hii shemeji mdogo wa marehemu, Mbayo Dodo, si kwa sababu anasoma vizuri, ila kwa sababu wengine wote wameshindwa kuacha kulia na yeye hajawahi kuweza kuacha kusema, amefika Ndola, Durban na hata Dubai bila kukutana na mtu wa kumnyamazisha, isipokuwa huyu aliyelala hapa mbele yetu.

Mama Tshiela Henriette alizaliwa Mutshatsha tarehe 11 Juni 1954, mtoto wa tatu kati ya saba wa Tata Badibanga Tshibangu, mfanyakazi wa reli aliyeletwa kutoka Kasai akiwa kijana, na wa Mama Mushiya Bilonda, aliyeuza unga wa mihogo na makala kando ya stesheni, na tangu utoto abiria walimjua, maana alikuwa anakimbia kando ya treni iliyokwisha kuondoka akimpigia kelele mtu aliyesahau chenji yake, na mtu huyo akidhani anadaiwa alikuwa anafunga dirisha.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, palepale Mutshatsha, kuanzia 1960 hadi 1966, miaka ambayo shule ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa, akaja Kolwezi kwa sekondari, sehemu ya biashara, akapata diploma ya taifa mwaka 1973, kisha akajifunza uhasibu Lubumbashi, akamaliza Julai 1976. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Kisenge, ambako manganese ilirundikana kama vilima kwa kuwa njia ya kwenda baharini ilikuwa imefungwa, na alipenda kusema kwamba huko ndiko alijifunza tofauti kati ya mali na jiwe.

Aliporudi Kolwezi mwaka 1979, fundi umeme mmoja kutoka kaskazini ya Katanga, Kisimba Polycarpe, alikuja mara nne kutengeneza taa ya biro alimofanyia kazi, taa ambayo haikuwa imeharibika, na wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1980, ndoa ya Mukatanga na Mukasai, ambayo watu waliila na kuicheza bila kuuliza kitu, na miaka kumi na mbili baadaye watu walewale wakaanza kuuliza. Mungu aliwapa watoto watatu, Ngoy mwaka 1981, Falonne mwaka 1984 na Tatiana mwaka 1988.

Mwaka 1989 aliajiriwa na Lufupa, kampuni ambayo kazi yake ilikuwa kununua kampuni nyingine, hasa mutuele ndogo, yaani vyama vya kusaidiana, za bima ya mazishi, na kuziweka zote chini ya mkono mmoja. Yeye ndiye aliyeandika, kila mutuele iliponunuliwa, Lufupa imepokea nini na imejitwika nini, viti, gari na akiba upande huu, na upande wa pili ahadi zote walizopewa wanachama, maana anayenunua mutuele hanunui viti peke yake, ananunua na watu watakaokufa kesho.

Hapo familia inaomba muda kidogo, kwa sababu vijana wengi waliokaa nje wamekuwa wakiuliza wageni hawa wa Mwene-Ditu, kule Kasai, ni wa nani.

Palikuwa na mutuele moja Mutoshi, hapa Kolwezi, jina lake Faraja, ya wachimbaji na wafanyakazi ambao wengi wao asili yao ilikuwa Kasai, mwanachama alilipa kila mwezi, na siku ya msiba Faraja ilileta sanduku, sanda, gari na gunia la unga wa matanga. Mwenye nayo, Tata Muteba, aliiuza kwa Lufupa, na ingawa mkataba ulisema mauzo yatatimia tarehe 30 Juni 1993, mkurugenzi wa Lufupa, Bwana Mulongo, hakuweza kungoja, alikuja toka Lubumbashi Jumamosi tarehe 20 Februari na tai nyekundu na mpiga picha, akachinja mbuzi, akapokea funguo, akafukuza wafanyakazi wawili kabla nyama haijaiva, akamweka Mama Tshiela kuongoza na kutia sahihi benki, wote wakapiga makofi, na Dodo naye alipiga, kwa sababu ya mbuzi.

Mwezi mmoja baadaye yakaanza yale tunayoyakumbuka, mgodi ulikuwa umeanguka, mishahara haikuonekana, na majirani wa asili ya Kasai, waliokula nasi sahani moja, wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wakatolewa katika nyumba zao wakaenda kulala stesheni ya Kolwezi wakingoja treni ya Kasai isiyofika, na mvua, njaa na kuhara vikaanza kuchukua watoto na wazee. Wengi wao walikuwa na kadi ya Faraja mfukoni, na walikuja kumwuliza Mama Tshiela swali moja tu, kama wafu wao watazikwa kama watu au watafunikwa na mkeka.

Jibu lilikuwa ndani ya tarehe. Kama Lufupa iliichukua Faraja tarehe 30 Juni, wafu wa stesheni walikuwa mzigo wa Tata Muteba, ambaye naye alikuwa amefukuzwa na hakuwa na hata godoro, maana yake hawakuwa wa mtu yeyote, na kama iliichukua tarehe 20 Februari, walikuwa wafu wa Lufupa. Bwana Mulongo aliamuru iandikwe Juni, na wanachama waliofukuzwa wafutwe kwa kutolipa, ili bilani ya kwanza, yaani mizania ya kampuni, iwe nyeupe kama shati la komunio. Mama Tshiela alijibu kwamba mnunuzi anahesabiwa tangu siku aliyoanza kutawala, si tangu siku inayompendeza, na aliagiza masanduku kwa mafundi wa Mutoshi asubuhi ileile.

Simu hazikufanya kazi wakati ule, watu walisemeshana kwa foni, ile redio ya mfanyabiashara karibu na soko, ambapo mtu alilipa, akapanga mstari, na mstari mzima ukasikiliza mambo ya nyumba yake, pamoja na kila aliyefungua redio toka Likasi hadi Kisenge. Bwana Mulongo alimwita hapo.

— Mama Tshiela, andika mwezi wa sita! Izi maiti ni za Muteba!

— Muteba iko mu wagon tangu juzi, Bwana Mkurugenzi. Nimutumie facture ya masanduku ku Mwene-Ditu?

Mstari ukacheka, na foni ikakoroma.

— Habakulipa mwezi wa tatu! Habako tena banachama!

— Banalala inje, na biro tulifunga siye benyewe. Bangelipa ku dirisha? Bwana Mkurugenzi, mukishakamata bibi, iko kwenu, anawapikia bukari, siku muzazi wake anakufa, mutakatala kwenda ku matanga juu mahari haiyaisha?

Mama mmoja katika mstari alisema kwa sauti, "Aende wapi, huyo si mukwe, ni mwizi," na pengine neno hilo lilifika Lubumbashi, maana Bwana Mulongo alipoteza kichwa.

— Weye unanifundisha kazi? Faraja ni yangu tangu mwezi wa pili! Mi njo nilifukuza bale bawili, mi njo nilikuweka pale, na mi njo nitakutosha ku kazi!

Mama Tshiela aliinamia kipaza sauti kama mtu anayeinamia sufuria kuonja chumvi.

— Asanti, Bwana Mkurugenzi. Batu bote banasikia. Kama ni yenu tangu mwezi wa pili, maiti ni zenu. Terminé.

Na kabla hajazima, sauti nyembamba ikaingia kutoka mbali, ikisema, "Hapa Kisenge, tunasikia muzuri sana, mama."

Kuanzia siku ile masanduku yalikwenda stesheni, katika Toyota ya shemeji Dodo, gari ambalo halikuwa na breki na dereva ambaye hakuwa na akili, na vijana waliosimama njiani na marungu walipouliza kwa nini Mukatanga anabebea bilulu, Tata Polycarpe, aliyeketi juu ya mbao, aliwajibu, "Huyu ni bibi yangu njo ananituma, mukitaka mumuulize mwenyewe," na hawakutaka. Idadi ya masanduku haitatajwa hapa, marehemu alikataza, alisema wafu si sifa za mtu.

Lakini jambo moja litatajwa. Mama yake mzazi, Mama Mushiya Bilonda, alifukuzwa Mutshatsha mwezi wa nne akaja naye stesheni, alikataa kujificha kwa wakwe akisema atatoka na wenzake, na Jumapili tarehe 9 Mei 1993 akafariki pale, kwa kuhara, kichwa kikiwa juu ya goti la binti yake. Masanduku ya Faraja yalikuwa yamepangwa nyuma ya Toyota, na Mama Bilonda hakuwa mwanachama.

— Shemeji, tukamate moja tu, alisema Dodo. Nani atajua?

— Weye utajua, na mi najua kinywa chako.

Akasema tena, bila kumwangalia mtu, kwamba siku atakapochukua sanduku moja kwa ajili ya mama yake, Bwana Mulongo atasema yote ilikuwa kwa ajili ya mama yake. Basi Tata Polycarpe na Dodo walirudi nyumbani, wakavunja kabati la harusi, wakatengeneza sanduku kwa milango yake, na nguo za familia zikakaa juu ya kiti miaka mitatu. Kesho yake Mama Tshiela alikuwa kazini.

Mwezi wa saba aliandika hesabu ya kununuliwa kwa Faraja, na tarehe aliyoandika ilikuwa 20 Februari 1993. Bwana Mulongo alipouliza zile pesa alizolipa zaidi ya mali aliyoiona ziende wapi, alimwambia ziandikwe kama thamani ya jina la Faraja, na kwamba jina hilo lingekuwa sifuri kama wanachama wangezikwa kwenye mkeka. Wenye hisa walikuwa wamekwisha kusikia habari za foni toka kwa shangazi zao, kwa hiyo mkurugenzi alitia sahihi, na mwezi wa kumi na mbili akamfukuza kazi, kama alivyoahidi, na marehemu alikiri kwamba angalau ahadi hiyo aliitimiza.

Lufupa ilifunga milango mwaka 1996. Faraja ilibaki mikononi mwa wanachama, wakamrudisha Mama Tshiela, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 2014, wachimbaji wa leo wa Mutoshi ni wanachama wake, na asili ya mtu haiulizwi kwenye kadi.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2009, ukashuka kwenye figo mwaka 2017, akalazwa mara tatu hapa Kolwezi, akabishana na kila bili, na Jumatano tarehe 3 Oktoba 2018, saa kumi za mchana, alifariki, akiwa na miaka 64, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani walioleta maji na makala bila kuombwa, wafanyakazi wote wa Faraja, na ninyi wa Mwene-Ditu, ambao ni watoto na wajukuu wa wale waliozikwa mwaka 1993, mliopanda treni bila kujua mtafika siku gani. Jana mliomba kubeba sanduku lake, wazee wetu wakataka kufanya kikao, kwa kuwa kwa desturi mbele ni pa wana wa Kisimba, lakini Tata Polycarpe hakungoja kikao, alisema wafu wenu walikuwa wa mke wake, basi na yeye ni maiti yenu. Shikeni mbele. Sisi tutashika nyuma, na Dodo hatashika popote, maana amekwisha kuanza kulia.

Shemeji, nenda ukapumzike, na amani ya Mungu ilale pamoja nawe.